Vitabu vya mizimu kwa binti wa miaka 10

Dada pole, umesema binti yako ana miaka 10, anataka vitabu vya mizimu tu, na akisoma usiku anakuja kulala kwenu. Usimkataze kabisa, atasoma kwa kujificha na hapo ndo hutajua anasoma nini. Mi ningeanza na Coraline cha Neil Gaiman, kilitoka 2002, kifupi na hakina mambo ya damu damu. Coraline ni msichana, kuna mlango kwao ukifungua unakuta ukuta wa matofali, siku moja anafungua matofali hayapo, ng'ambo kuna mama mwingine anafanana na mamake ila macho ni vifungo vyeusi, yani hapo tu mwili unasisimka! Kuna na mizimu ya watoto watatu wamefungiwa na huyo mama na Coraline ndo anawakomboa. Hicho ndo cha kuangalia ukichagua, mtoto awe na la kufanya, asiwe wa kukimbizwa tu.

The Graveyard Book cha huyohuyo kilipata medali ya Newbery 2009, ile tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mizimu yake inalea mtoto makaburini, ila kinaanza na familia kuuawa kwa kisu kwa hiyo sura ya kwanza soma nae.

Halafu asome mchana jamani, we unakatakata vitunguu yeye anasoma kwa sauti. Wangu nilifanya hivyo, akifika pa kutisha sauti inashuka anasogea mpaka anakanyaga kanga yangu, na usiku alilala kwake.