Nyanya hakuna? Shika ukwaju

Dada, umesema uko Dodoma, kiangazi kimekausha bustani, nyanya hazishikiki kwa bei na watoto wamechoka maharage. Pole. Ila kama stoo kuna choroko, dagaa, karanga na ukwaju, hamlali njaa.

Ukwaju ndio nyanya yako msimu huu. Loweka donge dogo, kama kidole gumba, kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, kanda, chuja. Chemsha choroko mpaka zipasuke. Hazina haja ya kulala kwenye maji kama maharage. Kaanga kitunguu kiwe cha kahawia kabisa, usikionee huruma, ladha yote iko hapo. Mimina choroko, kisha karanga za kusaga ulizokoroga na maji ya vuguvugu. Usiache mwiko, zinashika chini upesi. Ukwaju uwe wa mwisho: ukitangulia, choroko hugoma kuiva.

Dagaa toa vichwa, osha kwa maji ya moto mchanga uishe, kaanga mpaka walie kwenye kikaango.

Na ule mlenda mkavu wa sokoni usiudharau. Mimi huutia karanga, na kwangu ugali huisha kabla yake.