Mama anaficha vidonge vya tansio

SWALI: Mama muuguzi, jambo. Mama yetu ana miaka 61, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, soko la Kadutu. Mwaka jana walimpima tansio, yaani shinikizo la damu, wakakuta 180 kwa 110, akaandikiwa dawa ya kunywa kila siku. Nikimuuliza ananijibu, "Nilishakunywa." Juzi natandika kitanda chake, nikakuta pakiti mbili hazijaguswa, zimefungwa ndani ya kitenge. Nilimpigia kelele mpaka akalia. Mdogo wangu anasema tuzisage tutie kwenye sombe, mboga yake ya majani ya muhogo. Tufanye nini?
Binti wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mwanangu, sombe iacheni. Siku mama akigundua, ataogopa hata chakula kinachotoka mikononi mwenu. Isitoshe, kuna vidonge ambavyo kusaga ni kosa.

Hukuniandikia jina la dawa, nami ningeanzia hapo. Dawa moja ya tansio inayotumika sana ni hidroklorotiazidi. Kazi yake ni kutoa chumvi na maji mwilini, kwa hiyo inakojoza. Mama mmoja muuza ndizi nilimuuliza polepole, mlango umefungwa, kwa nini anaruka siku. Akainama, akaniambia: "Nikiimeza asubuhi, saa tatu mkojo umenibana. Nani atanichungia ndizi?" Alikuwa anakunywa Jumapili tu. Daktari alimruhusu aimeze saa tisa, akisharudi nyumbani, na tangu hapo hajaruka. Dawa nyingine, kama amlodipini, huweza kuvimbisha miguu. Enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu. Mtu anaona dawa ndiyo inamtia ugonjwa, anaificha, kisha anaona haya kusema.

Tena tansio haiumi. Malaria sisi tunaijua: siku tatu za vidonge, homa inashuka, umemaliza. Mama anaamka hana homa, kichwa hakimuumi, anabeba beseni lake, atajionaje mgonjwa? Mwelezeni wazi kwamba dawa hii haiponyeshi tansio, inaishikilia chini, na akiiacha inapanda bila kumpa habari. Mpelekeni apimwe, namba aione kwa macho yake, aandikiwe kwenye daftari. Akinywa wiki nne, apimwe tena. Nimeona akina mama wengi wanaamini ile namba kuliko maneno yangu yote.

Kuhusu kelele, nakuelewa, ni uoga wa kumpoteza. Lakini nami niliwahi kumkaripia mzee mmoja wa Bagira mbele ya foleni nzima. Alikuwa amekata kila kidonge kwa meno, nusu ya leo, nusu ya kesho amefunga kwenye karatasi ya daftari la mjukuu, ili dawa ya mwezi ifike miezi miwili. Sikumuuliza kuhusu pesa. Nilimwita mzembe. Hakurudi tena mpaka walipomleta mkono na mguu wa kuume umepooza. Ile karatasi ya mistari bado naiona, na neno lile natamani ningelimeza mimi.

Basi rudi kwa mama, umuombe radhi kwanza. Usimuulize "umekunywa?" maana jibu unalijua. Muulize: "Mama, katika siku saba hizi, ni ngapi zilipita bila dawa? Inakufanya nini?" Kisha nyamaza. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba hata katika nchi tajiri, wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata dawa inavyotakiwa ni kama 50 kwa 100 tu. Mama yako si mkaidi wa peke yake, na mwambie hivyo.

Akikujibu kwamba ni pesa, muuguzi aambiwe, mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu, kidonge kimoja kwa siku. Kama ni kusahau, pakiti ikae kando ya kikombe chake cha chai, si ndani ya kitenge. Ila saa ya kumeza msiibadilishe wenyewe, wala msimlipizie kwa siku moja vidonge alivyoruka.

Na uso ukimpinda ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamkwama, msingoje asubuhi: hospitali saa ileile.

Wiki hii, siku asiyokwenda sokoni, njoo naye kwenye kituo cha afya cha mtaa wenu, na zile pakiti mbili mzibebe. Mwache azitoe mwenyewe kwenye kitenge.