Nimesoma miaka mitatu, nikawakatie tumbili viazi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa Voi, nasomea stashahada ya usimamizi wa wanyamapori na nimebakiza mafunzo ya nyanjani ya miezi mitatu. Nimekubaliwa katika kituo kimoja Pwani ya Kusini kinachookoa na kutunza tumbili, kima na mbega. Baba amekasirika. Anasema, "Nimekulipia karo miaka yote hii ukawakatie tumbili viazi bure?" Tena nasikia kuna wazungu wanaolipa wao ili wafanye kazi hiyo hiyo. Huo si unyonyaji? La mwisho: rafiki yangu aliwahi kujitolea mahali fulani na ana picha amempakata mtoto wa tumbili kifuani. Na mimi nitaruhusiwa? – Msomaji, Voi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuhusu viazi, baba yako amesema kweli. Utakata viazi vitamu, karoti, matango na maboga kungali na giza. Kisha utaosha ndoo, utasugua sakafu za vizimba kwa jiki, utafua mataulo, na mchana ukidhani umemaliza utaambiwa haya, twende tukakate majani ya mbega. Nilisimamia jiko la kituo kama hicho mpaka nikastaafu. Wanafunzi waliotoroka wiki ya kwanza hawakutoroka kwa kuogopa meno ya mnyama. Walishindwa na ndoo.

Lakini mweleze baba kwamba kisu hicho ndicho somo lenyewe. Tumbo la mbega si kama letu. Lina vyumba, na ndani yake mna bakteria wanaochachusha majani ndipo yapate kusagika. Mgeni wa hoteli akimrushia mkate au biskuti kwa mapenzi yake, tumbo hujaa gesi, na mnyama anaweza kufa. Kwa hiyo anayekwenda kukata majani sharti ajue mti upi, majani machanga au yaliyokomaa, na kwamba mti uliopulizwa dawa hauguswi hata ukiwa umependeza vipi. Chuoni ulichorewa tumbo hilo ubaoni. Kituoni utalijua kwa kuangalia choo asubuhi. (Samahani kama unasoma ukila.) Choo ndicho gazeti letu, tunalisoma kabla ya chai: nani ameharisha, nani hajala, nani ameanza kupona.

Sasa picha, maana hilo ndilo lililonifanya nichague barua yako. Hutaruhusiwa. Na wakikuruhusu siku ya kwanza, funga mzigo wako urudi Voi, kituo hicho hakirudishi mnyama msituni.

Mtoto wa tumbili aliyefiwa na mama humng'ang'ania yeyote, kwa sababu porini asiyeng'ang'ania huanguka. Leo akikushikilia wewe, kesho mgeni mwingine, keshokutwa mwingine, anakua akijua kwamba binadamu ndiye kundi lake. Akishapevuka, mwenye meno marefu, atawafuata watu barabarani akitafuta chakula na kuuma, na mwisho wake ni mawe au risasi. Ndiyo maana vituo vya kweli humpa mtoto mlezi mmoja au wawili wanaojulikana, halafu humhamishia kwa tumbili wenzake mapema kadiri afya yake inavyoruhusu. Wengine wote, hata mwenye digrii, hupita mbali bila kumsemesha.

Nimemwona mlezi hodari akifanya kazi. Mtoto yumo kwenye taulo lililokunjwa, ameling'ang'ania kama mgongo wa mama. Kichwa kiko juu, tumbo limeelekea chini, maziwa yanatoka kwenye sirinji tone kwa tone. Hawekwi chali kama tunavyoweka watoto wetu, kwa sababu maziwa yakiingia mapafuni anapata nimonia. Baada ya kunywa anapimwa kwenye mizani ya jikoni, gramu zinaandikwa, saa inaandikwa. Hakuna anayemwita "mpenzi". Ukisimama pale utadhani mlezi yule hana huruma.

Mapenzi ya mtu mmoja yanaweza kumuua mnyama, na hili lina historia hapa hapa Kenya. Marehemu Daphne Sheldrick, aliyehangaika miaka mingi hadi akapata maziwa yenye mafuta ya nazi ambayo ndama wachanga wa tembo wanaweza kuyasaga, alimlea ndama aliyeitwa Aisha. Akasafiri kwa ajili ya harusi ya binti yake. Ndama akakosa raha, akaacha kula, akafa. Baada ya hapo walezi wa ndama wakawekwa kwa zamu, wakibadilishana hata kulala na ndama, ili asimtegemee mmoja.

Kuna na upande wa pili: mafua yako. Tumbili na jamaa zake hushika maradhi yetu kwa urahisi, kifua kikuu kikiwamo. Ukiamka unapiga chafya, sema, utapewa kazi ya stoo. Usifiche ili usikose zamu. Nawe kabla hujatoka nyumbani ulizia chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ulishachanjwa.

Pesa, basi. Wanaotoka ng'ambo hulipa, ndiyo, na fedha hiyo ndiyo inayonunua karoti, dawa na mafuta ya gari. Sioni ubaya. Mwanafunzi aliyeletwa na chuo ni hesabu nyingine: mara nyingi hulipi wala hulipwi. Unyonyaji ninaoujua mimi ni wa kituo kimoja, sikitaji, kilichomwosheza kijana wa watu ndoo miezi mitatu na mwisho hakuna aliyetia sahihi kitabu chake cha mafunzo kwa sababu hakuna aliyekuwa akimfundisha. Kwa hiyo uliza kabla ya kupanda matatu: nani atanisimamia, nani atatia sahihi, nitalala wapi, chakula cha mchana kipo, bima ni ya chuo au ya kituo. Wakikasirika kwa maswali hayo, umeshajibiwa.

Halafu omba kazi moja iwe yako. Mimi ningekushauri nyaya za umeme. Diani, ambako Colobus Conservation, shirika la kuhifadhi mbega, wako tangu 1997, watu hupogoa matawi yaliyokaribia nyaya na kutundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega na kima wavuke bila kukanyagwa na magari. Bado wapo wanaopigwa na umeme. Kima huletwa na kidonda kidogo cha kiganja, anakula vizuri, unashukuru Mungu, kumbe nyama ya ndani imeungua. Siku chache baadaye mkono mzima umekufa. Chukua daftari: nguzo ipi, mti gani, saa ngapi, mnyama gani. Ripoti ya namna hiyo mpe baba aisome mwenyewe, halafu mwulize kama ni ya mkata viazi.

SWALI: Kijana wangu ameokota mtoto wa tumbili hapa Mtwapa, mama yake amegongwa na gari. Tunampa maziwa ya ng'ombe. Tumlee akue kidogo ndipo tumpeleke kituoni? – Msomaji, Mtwapa

JIBU: La, baba, leo. Kumfuga bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, lakini ukiwapigia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwamba umemwokoa na unataka kumkabidhi, utakuwa umefanya inavyotakiwa. Kila wiki anayokaa na watoto wako inamwongezea kazi huko mbele. Maziwa ya ng'ombe acheni, waulizeni wao cha kumpa mkiwa bado kwenye simu. Mwekeni kwenye sanduku lenye matundu na taulo la kushikilia, pawe na joto na kimya, watoto wasimchungulie. Na mkumbuke vizuri mahali alipookotwa, kwa sababu kundi lake huenda bado liko kwenye miti hiyo hiyo, na hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa.