Wacha hiyo sura ya kwanza

Dadangu, wasema sura ya kwanza ushaiandika mara sita na riwaya yako ya majini wa Kilindini haisongi, na duka na watoto wanakungoja. Wacha kuigusa wallahi. Mimi riwaya yangu niliiandika kwa simu nikingoja feri Likoni, maneno 200 asubuhi, jioni nikipata kiti mengine, siku zingine sufuri, ikafika mwisho hivyo hivyo na makosa yake. Nawe yako ukiimaliza iweke kando mwezi mzima ndo uisome kwa sauti. Mie hapo ndo nikaona jini wangu ukurasa wa 12 anaogopa chumvi, ukurasa wa 90 anaogelea baharini! Sheria za uchawi ziandike kwa daftari. Na Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, ilianza kujengwa 1593, so kama hadithi ni ya kabla ya hapo itoe hiyo ngome.