Rivolva kuukuu: mambo ya kujua kabla hujampelekea fundi

Anayeipata rivolva kuukuu kwa mara ya kwanza humwendea fundi bunduki akiwa na maswali ya sura: ing'arishwe, ipate mpini mpya, mtutu ufupishwe. Fundi anayejua kazi hataanzia hapo. Atahakikisha haina risasi, kisha atavuta nyundo taratibu, tundu moja la risasi baada ya jingine, akiangalia kama silinda (ngoma inayozunguka yenye matundu hayo) inajifunga mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake. Mwache afanye hivyo, na umlipe ukaguzi huo hata kama hutafanya kazi nyingine yoyote.

Silinda ikichelewa kujifunga, tundu halilingani na mtutu. Risasi huingia ikiwa imekwaruza ukingo, na vipande vya risasi hurushwa pembeni, kwenye uso wa aliyesimama jirani. Fundi atapima pia mwanya kati ya silinda na mtutu, ambao kwa kawaida ni kama milimita 0.1 hadi 0.2, na ataisukuma silinda mbele na nyuma kuona imelegea kiasi gani. Kama yako ni ya zamani ya kampuni ya Colt, mathalani Python, iliyotoka mwaka 1955, muulize waziwazi kama ameshawahi kurekebisha za aina hiyo. Mfumo wake wa kuzungusha silinda ni tofauti na wa Smith & Wesson, hata upande wa kuzunguka ni kinyume, na si kila fundi hodari wa moja anaiweza nyingine.

Sehemu ambayo wageni huipuuza kuliko zote ni hii: silaha ya zamani huenda ilishabadilishwa na mtu mwingine kabla haijakufikia. Maandishi ya kwenye mtutu yanaeleza ilivyotoka kiwandani, hayaelezi ilivyofanywa baadaye. Webley nyingi, rivolva za Uingereza, za .455 (kipimo cha risasi kwa inchi) zilichongwa nyuma ya silinda ili zipokee risasi za .45 ACP zinazopatikana kwa urahisi, ilhali shinikizo la risasi hiyo ni kubwa mno kwa silaha ile. Smith & Wesson zilizotengenezwa kwa ajili ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili zilitumia .38 S&W, na baada ya vita nyingi zikatobolewa zaidi ili zikubali .38 Special. Ganda la .38 Special ni refu zaidi lakini jembamba zaidi, kwa hiyo likilipuka ndani ya tundu pana huvimba, pengine hupasuka. Nazo Colt Single Action Army, zilizoanza mwaka 1873, ziliundwa kwa baruti nyeusi ya zamani, yenye shinikizo dogo. Kiwanda kilianza kuzidhamini kwa baruti isiyo na moshi mwaka 1900. Basi fundi apime matundu yenyewe. Neno la muuzaji lisikutoshe.

Baada ya hapo ndipo mambo ya kupendeza. Anza na yanayoweza kurudishwa. Mpini unaokaa vizuri mkononi hubadilisha ulengaji kuliko wengi wanavyodhani, na wa zamani unauweka kabatini tu. Springi laini nazo hutolewa zikarudishwa, ila springi kuu ikilegea kupita kiasi nyundo inagonga kwa udhaifu na risasi hazilipuki.

Kifyatulio usikisugue mwenyewe. Katika rivolva nyingi za zamani ugumu wa chuma cha kifyatulio na nyundo ni wa tabaka la juu tu. Ukilipita unafikia chuma laini kitakachoisha haraka, na siku moja nyundo itaanguka bila kuguswa. Na fundi akikuambia ataondoa kizuizi cha nyundo (kipande kinachozuia nyundo isigonge risasi silaha ikianguka) ili mvuto wa kifyatulio uwe mwepesi, chukua silaha yako uondoke. Smith & Wesson waliimarisha kizuizi hicho mwishoni mwa mwaka 1944, baada ya rivolva iliyoanguka kumuua baharia. (Springi nzuri na usafi vinatosha kulainisha mvuto kwa asilimia kubwa ya watu, mimi nikiwamo.)

Rangi mpya ndiyo kazi ninayoshauri watu waiahirishe. Kabla ya kupaka lazima chuma king'arishwe, na mng'arishaji mwenye haraka hufuta mihuri, hulainisha kingo na kupanua midomo ya matundu ya skrubu. Wakusanyaji hupendelea rangi ya kiwandani iliyochakaa kuliko mpya inayometa, kwa hiyo unaweza kulipa pesa ili kushusha thamani. Namba ya silaha isiguswe kabisa, na kabla ya kufupisha mtutu soma sheria ya mahali ulipo na masharti ya kibali chako.

Makubaliano yaandikwe: nini kitafanywa, nini hakitaguswa, risasi gani itatumika. Siku ya kuichukua, dai vipuri vyote vya zamani kwenye mfuko, hata skrubu iliyopinda. Kisha uliza kama imejaribiwa kwa risasi halisi katika kila tundu, na uombe uone maganda yaliyotoka. Yakiwa yamevimba upande mmoja, irudi mezani kwa fundi siku hiyohiyo.