Blanketi Langu la Kwanza Lilitoka Kama Kanzu

Nilianza na vishono 120. Wiki sita baadaye, nilipofika mstari wa mwisho, vilikuwa vimebaki 97, na blanketi lilikuwa pana chini na jembamba juu, kama kanzu iliyotandazwa kitandani. Mama mdogo, aliyenifundisha kushika sindano ya kroshia, aliligeuza huku na huku, akacheka, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unahesabu au ulikuwa unaangalia tamthilia?"

Nilikuwa naangalia tamthilia.

Basi wewe unayeanza, swali lako la kwanza najua ni rangi. Rangi tutazifikia. Kinachoharibu mablanketi ya wageni wa kazi hii ni kuhesabu, na hasa kuhesabu pembeni. Ukipanda mstari mpya kwa cheni tatu (cheni ni vitanzi vidogo vinavyovutwa kimoja ndani ya kingine), zile cheni tatu zinasimama badala ya nguzo ya kwanza. (Nguzo naita kile kishono kirefu ambacho unazungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia.) Ukirudi na mstari unaofuata, nguzo yako ya mwisho lazima iingie kwenye kichwa cha zile cheni tatu. Hapo ndipo watu wanapopotea. Cheni hazionekani kama nguzo, zimejikunja pembeni, mkono unaziruka, na kila ukiziruka umepoteza kishono kimoja. Dawa yake ni pini mbili za nepi: moja mwanzo wa mstari, moja mwisho, na unazihamisha kila unapopanda. Ukianza cheni ndefu, funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kila baada ya cheni 20, usije ukahesabu 120 mara tano kama mimi.

Kuhusu sindano sina mengi. Chukua ya namba 5, yaani milimita 5, na uzi wa unene wa kati. Sindano nyembamba na uzi mnene vitakupa blanketi gumu kama mkeka. Ukijifunza kwa video, jua kwanza mwalimu ni wa wapi, maana kishono ambacho Mmarekani anakiita dabo, Mwingereza anakiita trebo, na dabo ya Mwingereza ni kingine kabisa, kifupi. Nimewahi kufumua mistari 14 kwa sababu hiyo tu.

Uzi sasa. Hapa ndipo pesa inapokwenda. Mimi niko Njombe, ambako mwezi wa sita na wa saba baridi haina utani, na wengi wanadhani blanketi la huku lazima liwe la sufu halisi. Sufu ni nzuri, lakini ukimpa mtu sufu akaifua kwa maji ya moto na kuisugua, inasinyaa na kugandamana, na hakuna kurudi nyuma. Akriliki, uzi wa sintetiki, inavumilia kufuliwa na kila mtu. Adui yake ni pasi: ukiigusa kwa pasi ya moto inalala, inang'aa, na haiamki tena. Kwa zawadi, hasa ya mtoto, mimi natumia akriliki.

Ukinunua mabonge, soma karatasi iliyozungushiwa. Mbali na namba ya rangi, kuna namba ya mkupuo wa kutia rangi, yaani mabonge yaliyotiwa rangi pamoja. Mabonge mawili yenye namba moja ya rangi lakini mikupuo tofauti yanaweza kufanana kabisa dukani, ukayaona tofauti ukishamaliza blanketi na kulianika juani. Nunua yote siku moja, na ongeza bonge moja la akiba. Blanketi la mtoto la sentimita 80 kwa 100 huwa linanila kama nusu kilo, wakati mwingine zaidi kidogo.

Kama mfuko hauruhusu, nenda mitumbani ukatafute masweta. Sisemi hivi kwa huruma. Nyuzi zangu bora kuliko zote zimetoka kwenye masweta ya mitumba. Ila usichukue sweta kabla ya kuligeuza ndani nje na kuangalia mishono ya ubavuni. Ukikuta vipande viwili vyenye kingo zao kamili vimeunganishwa kwa uzi mmoja unaovutika, chukua. Ukikuta kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, liache hata kama rangi imekuroga, kwa sababu kila mstari umeshakatwa na utapata mafungu ya vipande vifupi. Sweta lililosinyaa na kugandamana pia halifumuki. Ukishalipata zuri, tenganisha mikono na mwili, anza kufumua kutoka juu, shingoni na mabegani, ukizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Funga fungu sehemu nne lisivurugike, lichovye kwenye maji ya vuguvugu, kisha litundike na kitu chepesi chini yake. Likikauka, yale mawimbi kama tambi yatakuwa yamenyooka. Hujui kama ni sufu au akriliki? Kata kipande kifupi ukichome kwa kiberiti juu ya sinki. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanavunjika kati ya vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Subiri ipoe kabla ya kuigusa.

Wanaoanza wengi wanapenda blanketi la vipande vya mraba, kila kipande na rangi zake, vinaungwa mwishoni. Ni zuri, na linabebeka: kipande kimoja kinafumwa ndani ya daladala. Unaanza na cheni nne zilizofungwa kuwa pete, unatia ndani ya pete mafungu manne ya nguzo tatu tatu, na kati ya fungu na fungu cheni mbili, ambazo ndizo kona. Mizunguko inayofuata, kila kona inapata mafungu mawili. Kazi nyepesi. Sasa piga hesabu nyingine ambayo hakuna anayekuambia. Vipande vya sentimita 10 kwa blanketi la 80 kwa 100 ni 80. Kila kipande kikiwa na rangi tatu, kila rangi inaacha mikia miwili ya uzi, mwanzo na mwisho. Hiyo ni mikia 480 ya kufichwa kwa sindano ya kushonea, mmoja mmoja. Nina hakika mablanketi mengi yaliyoachwa chini ya vitanda yamekufa kwenye mikia, hayakufa kwenye kufuma. Ficha mikia ya kila kipande kabla hujaanza kingine. Acha mkia wa sentimita 15, upitishe upande mmoja kisha urudi nao upande wa pili, la sivyo utachomoka mara ya tatu kufuliwa. Usitegemee fundo.

Au fuma blanketi la mistari na ubadilishe rangi pembeni tu. Hapo kuna siri ndogo: rangi mpya inaingia kabla ya mstari mpya. Ukibaki na vitanzi viwili vya mwisho vya nguzo ya mwisho kwenye sindano, acha rangi ya zamani na uvute ile mpya kupita kwenye vyote viwili. Ukimaliza nguzo kwa rangi ya zamani, utaona kadoa kake kanachungulia juu ya rangi mpya.

Haya, rangi. Tandaza khanga zako uziangalie kama mfumaji. Khanga haiogopi rangi kali, lakini nyingi zina rangi mbili au tatu tu, mara nyingi nyeusi au nyeupe ikiwemo, na pindo linazunguka mji wote na kuukusanya. Mabaki yako ya rangi kumi na mbili yafanyie hivyo hivyo: kila kipande mzunguko wa mwisho uwe wa rangi moja, nyeusi au maziwa, na blanketi zima lipate pindo la rangi hiyo. Ukisita kati ya rangi mbili, zipige picha na simu kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Zikitoka kijivu kile kile, zikikaa jirani zitamezana. Na uzi wa pamba mwekundu ulowanishe, uubane kwenye kitambaa cheupe usiku mzima, uone kama unachuja. Mimi sikufanya hivyo, na zawadi moja ya harusi ikawa ya waridi tangu kufuliwa mara ya kwanza. Bibi harusi alisema anaipenda. Nadhani alikuwa na adabu tu.

Blanketi la mtoto mchanga lisiwe na matundu makubwa, vidole vinanasa, na usitie vishada pembeni. Tena mwambie mama yake kwamba ni la kumfunika akiwa amepakatwa au anaangaliwa. Wataalamu wa watoto wanashauri mtoto aliye chini ya mwaka alale bila blanketi legelege kitandani. Kuhusu ahadi, usiahidi blanketi la kitanda kikubwa kwa send-off ya mwezi ujao. Ahidi la mtoto. Shangazi akikuambia "nifumie na mimi, uzi si rahisi tu," mwombe alete uzi. Wengi hawaleti.

Ukitoa zawadi, andika kwenye karatasi namna ya kuifua, na mabaki ya kila rangi, japo mita tano, uyafunge kwenye mfuko ubaki nayo. La mtoto wa wifi yangu limesharudi kwangu mara mbili, mara ya kwanza panya, mara ya pili msumari wa mlango. Mara zote mbili nilikuta kijani chake kwenye mfuko.