Dunamis si baruti: kwa wanaoanza Kigiriki cha Agano Jipya

Ninyi mnaoanza Kigiriki mtakutana na neno dunamis mapema, na kabla hamjalizoea atatokea mtu wa kuwaambia kwamba maana yake ni baruti, kwa kuwa ndimo Kiingereza kilimopata "dynamite". Undugu wa maneno hayo ni wa kweli, ila hauthibitishi chochote. Alfred Nobel alikipa kilipuzi chake jina hilo mwaka 1867, ilhali Paulo aliwaandikia Warumi kwamba Injili ni dunamis, yaani uweza, wa Mungu uuletao wokovu karne kumi na nane kabla yake.

Anzeni na umbo. Dunamis ni nomino ya jinsia ya kike inayofuata mkondo wa polis, mji, na pistis, imani, kwa hiyo aliyeshika moja ameshazishika zote tatu. Wekeni kando yake kitenzi dunamai, yaani naweza, na kivumishi dunatos, mwenye uwezo. Ndugu hawa wa karibu watawafaa kuliko vitukuu vilivyozaliwa Ulaya.

Kisha fuateni matumizi. Katika Mathayo 25:15 yule bwana anawagawia watumwa wake talanta, kila mmoja kwa kadiri ya dunamis yake, na hapo ni uwezo wa kawaida wa mtu kufanya kazi. Katika sura ya 11 ya kitabu hichohicho, wingi wake ni miujiza iliyofanyika katika miji isiyotubu. Xenophon, mwandishi wa Kigiriki wa kale, hulitumia kwa maana ya jeshi, na waliotafsiri Zaburi kwa Kigiriki walifuata njia hiyo, ndiyo maana "Bwana wa majeshi" kwao ni Kurios tōn dunameōn. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni 1 Wakorintho 14:11, ambapo Paulo anazungumzia dunamis ya sauti, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema, kwa usahihi kabisa, "maana" ya sauti. Jaribuni kuweka baruti hapo.

Wanafalsafa wana lao. Kwa Aristotle, dunamis ni uwezekano uliomo ndani ya kitu kabla haujatimia, na mwenzake ni energeia, utendaji wenyewe. Wanahisabati wa Kigiriki nao waliliita hivyo eneo la mraba. Kiingereza kinaposema "power" kwa maana ya kipeo, kinatafsiri desturi hiyo, ingawa kwa sauti maneno hayo hayana uhusiano.

Sisemi mviache vitokanavyo vya Kiingereza. "Dynamic", "dynamo" na "dynasty", hili la mwisho likipitia dunastēs, mtawala, vinasaidia sana kukumbuka msamiati usiku wa kuamkia mtihani. Viandikeni pembeni mwa daftari, lakini maana mwitafute katika itifaki, yaani orodha ya maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana, na katika kamusi ya Kigiriki kama ile ya Liddell na Scott, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1843, mkisoma mifano yake hadi mwisho badala ya kuishia kwenye tafsiri ya kwanza. Na atakayeendelea kushikilia mlipuko, mpeni 2 Wakorintho 12:9, asome kwamba dunamis hiyo hutimilika katika udhaifu, kisha aeleze.